Kwetu, Petu na Mwetu: Maana ya Nyumbani katika Filamu na Sanaa Zetu

Katika nchi yetu mtu mgeni huulizwa maswali mawili, nayo tumezoea kuyajibu bila ya kuyafikiri. La kwanza: unakaa wapi? La pili: kwenu ni wapi? Tumchukue kwa mfano mwalimu aliyezaliwa Bukoba, akapewa kazi Singida, akanunua kiwanja katika kata ya Mandewa, akajenga na kulea watoto hapo. Swali la kwanza atalijibu kwa kutaja Mandewa, la pili kwa kutaja Bukoba, wala hapana atakayemdhania kuwa amejipinga mwenyewe. Lakini wanawe, waliozaliwa Mandewa, na ambao Bukoba wameiona mara mbili au tatu wakati wa msiba, hao wakiulizwa kwao ni wapi husita. Kusita huko si jambo dogo. Kunatuonyesha kwamba neno tulilolidhani jepesi limebeba mzigo mzito, na ya kwamba kila mtengenezaji wa filamu, mchoraji au mchongaji atakaye kusema juu ya nyumbani hana budi kwanza kuupima mzigo huo.

Makusudi ya makala haya ni kutazama jinsi filamu chache na kazi chache za sanaa za Afrika ya Mashariki, hasa zile zilizotungwa kwa kuijali hali ya jamii, zilivyolieleza jambo hili. Hatukukusudia kuzihesabu zote. Twataka kuonyesha jambo moja: kwamba kazi iliyopachukua nyumbani kama mahali pa kutengenezwa tu imekuwa dhaifu, na kazi iliyopachukua nyumbani kama haki ya watu kuambiana "kwetu" imekuwa na nguvu, tena ya kwamba tofauti hiyo imo tayari ndani ya sarufi ya Kiswahili, kwa mwenye kuitafuta.

Tuanze basi na sarufi. Kiswahili hakina jina moja linalobeba fikra hii peke yake. Tuna nyumba, yaani jengo, neno lililo ndugu wa chumba. Tukiongeza -ni twapata nyumbani, na papo hapo neno laacha kuwa jina la kitu, lawa jina la mahali, na upatanisho wake wabadilika. Hatusemi tena nyumba yetu. Twasema nyumbani kwetu, au nyumbani petu, au nyumbani mwetu. Njia hizi tatu hazilingani. Pa- yaonyesha mahali palipo dhahiri, panapoweza kuonyeshwa kwa kidole. Ndiyo maana maskini wa methali asema pangu pakavu, tia mchuzi, akiionyesha sahani yake. Mu- yaonyesha ndani. Ku- haina mpaka: yaonyesha upande, pengine mbali, pengine kusikoonekana. Nayo katika hizo tatu ku- ndiyo waliyoichagua wasemaji wa lugha hii kutajia asili ya mtu.

Tena tukitazame kimilikishi chenyewe. Mtu aliyepanga chumba Mandewa husema "karibu kwangu". Mtu yule yule akitaja alikozaliwa husema "kwetu". Hata yatima asiyekuwa na baba wala mama wala ndugu wa kumtaja, naye husema kwetu, hasemi kwangu. Maana yake ni kwamba lugha imekataa kumpa mtu mmoja asili ya peke yake. Ni lazima wawepo wengine wa kuitikia, wawe hai au wawe wamekwisha kufa. Na kwa mwanamke lugha imeongeza jambo jingine. Bibi aliyeolewa ana kwake na ana kwao. Tukisema "yuko kwake" twamaanisha ndoa yake i salama. Tukisema "amerudi kwao", msikilizaji hahitaji kuelezwa zaidi. Kwa maneno mawili mafupi lugha imesimulia kisa kizima, na tutaona kwamba filamu zilizo bora kati ya hizi tutakazozitaja zimeanzia kwenye ufa huo ulio kati ya kwake na kwao.

Liko neno jingine linalostahili kutazamwa, nalo ni mji. Siku hizi tumezoea kuliweka mkabala na nyumbani: kijana huondoka nyumbani akaenda mjini, akapotea. Lakini neno hili ni la ukoo mkubwa. Kwa Wagikuyu mũciĩ ni nyumbani penyewe, mahali pa baba na mama na moto wa jikoni. Kwa Wachewa mudzi ni kijiji. Kiswahili chenyewe chalikumbuka jambo hili katika neno mwenyeji, yaani mwenye mji, ambaye ndiye anayempokea mgeni. Na huku bara wazee wangali wakisema "mji wa fulani" kwa maana ya boma lake na watu wake. Basi uadui kati ya mji na nyumbani haukutoka katika lugha. Umeletwa na historia, na sinema imekuwa na sehemu yake katika kuueneza.

Sinema ya kufundisha ilianza mapema katika nchi hii. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, L. A. Notcutt na G. C. Latham waliongoza majaribio ya kutengeneza filamu za elimu kwa ajili ya Waafrika, zikachukuliwa kwa gari na kuonyeshwa sehemu mbalimbali za Afrika ya Mashariki na ya Kati. Filamu hizo zilihusu kilimo, afya, kodi, akiba, na mwenendo mwema. Nyumbani kwa Mwafrika palionekana ndani yake kama mahali penye kasoro: paongezwe dirisha, pachimbwe choo, pasafishwe uwanja. Hatusemi kwamba choo si kitu cha maana. Twasema kwamba kamera ilifika pale kama mkaguzi afikavyo, na mkaguzi huona petu tu. Kwetu hakuandikwi katika daftari yake.

Baada ya Uhuru ungetazamia kwamba jambo hili lingebadilika, na kwa upande mmoja lilibadilika sana. Mwaka 1962 Julius Nyerere aliandika juu ya ujamaa kwa kuanzia na jamaa, yaani udugu wa nyumbani, akataka taifa zima liwe upanuzi wa udugu huo. Neno lenyewe lilikuwa neno la kwetu kwa maana tuliyoieleza. Katika miaka ya 1970 ikatoka filamu ya Fimbo ya Mnyonge, kazi ya Kampuni ya Filamu Tanzania, yenye kisa cha kijana Yombayomba ambaye mjini hapati kitu, na wokovu wake waonekana katika kijiji cha ujamaa. Filamu hii ina heshima yake: ilikuwa ya nchi yetu, kwa lugha yetu, na ilimweka mnyonge katikati ya picha. Hata hivyo muundo wake ni ule ule wa zamani. Mji ni upotevu. Kijiji ni uokovu. Na kijiji chenyewe kimepangwa tayari, kinamngoja mtu aingie. Mtu hualikwa pale petu palipotengenezwa, akaahidiwa kwamba pataitwa kwetu.

Watu wa Singida wanajua jinsi ahadi hiyo ilivyo ngumu. Wanyaturu, ambao ndio wenyeji wa sehemu hii, walikuwa wakijenga tembe: nyumba ya miti na udongo, paa lake tambarare na la udongo, upepo wa nchi hii ya majabali ukipita juu bila ya kushika kitu. Miji yao ilitawanyika, kila mmoja na mashamba yake na zizi lake la ng'ombe. Novemba 1973 serikali ilitangaza kwamba kuishi vijijini si hiari tena, na ya kwamba kazi ya kuwahamisha watu imalizwe kabla ya mwisho wa mwaka 1976. Mamilioni ya watu wakahamishwa katika nchi nzima. Yapo mema yaliyofuata, kama shule, zahanati na maji, na ni haki kuyataja. Lakini kwa mtazamo wa makala haya jambo kubwa ni hili: walioyapanga mambo hayo walijishughulisha na pa-, nao waliohamishwa walikuwa wakisema kwa ku-. Upande mmoja ulizungumza habari za mahali; upande wa pili ulizungumza habari za makaburi, mipaka ya jirani, mti uliopandwa siku ya kuzaliwa mtoto. Wote walitumia neno nyumbani, wala hawakuelewana.

Kutoelewana huko hakukuishia katika miaka ile. Filamu nyingi zinazotengenezwa leo kwa msaada wa mashirika, zenye nia njema kabisa juu ya ndoa za utotoni, maradhi au usafi, zaendelea kuingia katika nyumba ya mwanakijiji kwa mwendo wa mkaguzi. Na filamu za biashara za Dar es Salaam zimeangukia upande wa pili wa kosa lilo hilo. Ndani yake twaonyeshwa nyumba kubwa za ghorofa, makochi, magari mbele ya lango. Watu wagombana ndani yake usiku na mchana, lakini ni vigumu kusema kwamba yupo anayekaa humo. Tembe limeonyeshwa kuwa aibu, na jumba limeonyeshwa kuwa tamaa. Mtazamaji wa Mandewa, ambaye nyumba yake si hilo wala si lile, aondoka bila ya kuona mahali anapoweza kusema: hapo ni kwetu.

Tugeukie sasa kazi zilizoshika njia nyingine. Ya kwanza si filamu, ni picha ya rangi. Sam Ntiro, aliyezaliwa Machame mwaka 1923, alisoma na kufundisha Makerere, akasoma London katika shule ya Slade, na baada ya Uhuru akawa Balozi wa Tanganyika huko huko London. Karibu maisha yake yote ya uchoraji alichora jambo moja: watu wa Kilimanjaro katika kazi na shughuli zao, aghalabu kwa kukumbuka, akiwa mbali. Mojawapo ya picha hizo, ya mwaka 1956, yaonyesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi wakati wa usiku. Mwaka 1960 ilichukuliwa na Jumba la Sanaa za Kisasa la New York, na imo katika mali yake. Jambo la kuzingatia ni kwamba picha hii yahusu njia. Watu wamo katika mwendo, wamechukua vitu, wanakwenda kwa wenzao. Nyumba yaweza kuwapo lakini siyo kisa. Ntiro alijua kwamba kwetu kunaonekana vizuri zaidi mahali watu wanapopelekeana vitu kuliko mahali penye kuta. Wako waliomlaumu kwamba alichora kijiji kisichokuwa na dhiki, wala lawama hiyo haikukosa msingi. Hapana kodi ndani ya picha zake, wala njaa, wala kugombea ardhi. Lakini kosa la kumpenda mtu kupita kiasi ni dogo kuliko kosa la kumkagua.

Kazi ya pili ni ya mikono ya wengi. Wachongaji wa Kimakonde waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji wakaja kutafuta kazi Tanganyika, ndio waliouendeleza mtindo ule unaoitwa ujamaa: gogo moja la mpingo, na ndani yake watu wengi wamepandana na kushikana, mmoja amesimama juu ya bega la mwenzake, wa chini akiwachukua wote. Mtindo huu hutajwa pamoja na jina la Yakobo Sangwani, na wengi wameuiga hata umekuwa bidhaa ya watalii. Bidhaa au si bidhaa, tutazame umbo lake. Hapana nyumba. Hapana ardhi hata ya kusimamia, ila miguu ya mtu wa chini. Watu walioacha nchi yao nyuma wamechonga nyumbani pasipokuwa na mahali, pakiwa na watu tu. Sarufi ya kwetu imeonyeshwa hapo kwa mti kuliko alivyopata kuieleza mwana sarufi yeyote.

Na watu wa asili hiyo hiyo ndio waliomo katika filamu ambayo, kwa maoni yetu, ndiyo bora kuliko zote zilizotengenezwa Tanzania juu ya jambo hili. Ni filamu ya Flora M'mbugu-Schelling ya mwaka 1992, ambayo jina lake kwa Kiswahili lingekuwa "Mikono Hii". Yachukua muda wa dakika 45. Yaonyesha wanawake, wengi wao wakimbizi kutoka Msumbiji, wakiponda mawe kwa nyundo katika machimbo ya Kunduchi karibu na Dar es Salaam, ili kokoto ziuzwe kwa wajenzi. Hapana sauti ya msimulizi ya kumwambia mtazamaji ahuzunike wapi. Nyundo zapiga, mtoto analia, chakula chapikwa, wimbo waanza.

Hapa hapana budi tusimame, maana ndipo ilipo nguvu ya kazi hii. Wanawake hawa wapasua mawe ya kujengea nyumba za watu wengine, na wao wenyewe hawana kwao pa kurudi, kwa kuwa Msumbiji ilikuwa vitani. Amani ilitiwa sahihi mwaka huo huo wa 1992. Mtu mwingine angeifanya hali hii kuwa hotuba. M'mbugu-Schelling aliiacha iwe kama ilivyo. Na wanapoanza kuimba na kucheza pale pale juu ya mawe, kwa muda mfupi machimbo yale yageuka kuwa kwao. Mahali ni pale pale, vumbi ni lile lile. Kilichobadilika ni kwamba wameitikiana. Jambo jingine la kumpa heshima ni lugha: filamu imeziacha nyimbo za Kimakonde zisikike kama zilivyo, haikuzifunika kwa Kiswahili. Sisi tunaokipenda Kiswahili tusiogope kulisema hili. Lugha ya taifa imetupa kwetu kubwa, lakini haikutumwa kuzizima kwetu ndogo zilizo chini yake.

Filamu za Josiah Kibira zatupeleka mbali zaidi, hata Minnesota katika Marekani. Bongoland ya mwaka 2003 yahusu Juma Pondamali, Mtanzania anayeishi Minneapolis bila ya kibali, akihangaika kati ya kazi duni na matumaini ya watu aliowaacha. Jina la filamu lenyewe lastahili kuchambuliwa: Bongo ni jina la utani la Dar es Salaam, kisha la nchi nzima, lililotokana na ubongo, yaani mahali pasipoishika bila ya akili, nalo limeongezwa mkia wa Kiingereza. Mtu aliye ugenini hulitaja kwao kwa neno la mzaha lililofungwa kwa neno la wageni, kwa kuwa kulitaja waziwazi kwamwumiza. Katika Bongoland ya pili, ya mwaka 2008, mtu huyo yuko Tanzania, na kurejea kwenyewe kumegeuka kuwa mtihani. Kwa ufundi filamu hizi zina upungufu. Mazungumzo yake mara kwa mara yaeleza jambo ambalo picha imekwisha kulisema. Lakini Kibira aliona jambo moja ambalo wengi walilikwepa: kwamba kwetu hudai. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Ndiyo, lakini ngamani ndimo yanamokusanyika maji ya chombo, na anayerejea hukabidhiwa ndoo ayateke.

Kuna methali nyingine iliyo kali zaidi: mkataa kwao ni mtumwa. Filamu ya Maangamizi ya mwaka 2001, iliyoongozwa na Martin Mhando na Ron Mulvihill, yaweza kusomwa kama jibu kwa methali hiyo. Ndani yake daktari mwanamke, Mmarekani mwenye asili ya Afrika, aja kufanya kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili nchini Tanzania, akakutana na mgonjwa aitwaye Samehe, aliyeigizwa na Amandina Lihamba, ambaye ameacha kusema. Wazee wa methali walidhani kwamba mtu huwa mtumwa kwa kuwakataa wa kwao. Filamu yatukumbusha waliochukuliwa: mtumwa hakukataa, alinyang'anywa, na vizazi vyake vyauliza kwao ni wapi bila ya kupata wa kuwajibu. Twaweza kusema kwamba filamu hii imejaza mno ndoto na dalili, hata mtazamaji wa kawaida apotea njia. Lakini imeona sawasawa kwamba daktari na mgonjwa wana ugonjwa mmoja, na ya kwamba kwetu huanza tena pale mmoja anapomwambia mwenzake jambo ambalo hakupata kulisema.

Mpaka hapa tumezungumza habari za petu na kwetu. Yabaki mwetu, ndani, ambamo mgeni hafiki ila kwa idhini. Filamu mbili za karibuni zimeingia humo kwa ujasiri. Aisha, ya mwaka 2015, iliyoongozwa na Chande Omar na kutengenezwa Pangani chini ya shirika la UZIKWASA, yahusu mwanamke aliyefanikiwa mjini ambaye arudi kwao kwa arusi ya dada yake, na huko huko kwao atendewa uovu wa kuvunjiwa heshima ya mwili wake. Hii ni filamu ya shirika, na ina mafunzo yake wazi. Lakini haikuingia kijijini kama mkaguzi. Imeingia kama binti wa mahali. Kisa chake kikubwa ni kunyamaza: watu wema, wanaompenda, wana sababu zao za kutaka yaliyotokea yafunikwe. Kwetu, ambako tumekusifu kwa muda mrefu katika makala haya, hapo kwaonekana kwa upande wake wa giza. Udugu ule ule unaomchukua mtu begani waweza pia kumziba mdomo. Kazi inayosifu kwetu bila ya kulijua hili si kazi ya kuaminiwa.

Filamu ya pili ni Vuta N'kuvute, aliyoiongoza Amil Shivji kutokana na riwaya ya Adam Shafi iliyotolewa mwaka 1999. Ilionyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021, na mwaka uliofuata Tanzania iliipeleka kushindania tuzo ya Oscar. Mambo yake ni ya Unguja katika miaka ya 1950, chini ya ukoloni. Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa mume mzee, aitoroka ndoa hiyo. Jamaa zake wamkataa. Hana kwake, na kwao kumefungwa. Anayemfungulia mlango ni Mwajuma, mwanamke wa Ng'ambo. Msomaji na alitafakari jina hilo. Ng'ambo maana yake ni upande wa pili wa maji. Ndivyo watu wa Mji Mkongwe walivyowataja waliokaa nje ya kuta zao, ng'ambo ya hori. Yasmin avuka toka mjini kwenda ng'ambo, toka kwa wa damu yake kwenda kwa asiyekuwa wa damu yake, na huko ndiko anakoambiwa karibu.

Filamu ni nzuri kwa macho, pengine nzuri kupita haja; mara nyingine kuta zilizochakaa zapendeza mno hata twasahau kwamba chakavu hilo lina gharama kwa anayelala chini yake. Maneno ya riwaya, mabishano ya wanasiasa na mizaha ya vijana, yamepunguzwa, na Kiunguja kitamu cha Adam Shafi chasikika kwa uchache. Lakini penye uhusiano wa Yasmin na Mwajuma filamu imeshika roho ya kitabu. Imeonyesha kwamba kwetu hakurithiwi tu, kwaweza kutolewa. Mwajuma hakumwuliza Yasmin kabila lake wala dini yake kabla ya kumpisha kitandani. Alimfanya mwenyeji. Katika visiwa ambavyo mwaka 1964 swali la nani ni wa hapa na nani si wa hapa lilijibiwa kwa damu, picha hiyo si ya mapenzi tu. Ni hoja.

Jambo hili si la Waswahili peke yao. Wajerumani wana neno Heimat, ambalo halitafsiriki kwa urahisi, na katika miaka ya 1950, baada ya mamilioni kufukuzwa kutoka nchi za mashariki kwa ajili ya vita, sinema zao zilijaa milima safi na vijiji vyenye furaha. Zilipendwa mno, na wachambuzi wa baadaye wakaziona kuwa njia ya kutoulizana yaliyotendeka. Funzo lake kwetu ni wazi: nyumbani palipopambwa huweza kuwa pazia. Ndiyo sababu tumetaja upungufu wa Ntiro pamoja na sifa zake, na tumeisifu Aisha kwa kuliondoa pazia.

Wako watakaosema kwamba mchambuzi wa lugha anayapa maneno uzito usio wao. Kwamba msanii hakai akitafakari pa-, ku- na mu-. Na ya kwamba mtu aliye katika nyumba inayovuja ataka bati, hataki sarufi. Sehemu ya mwisho ya pingamizi hiyo twaikubali kabisa. Mandewa leo bati limechukua nafasi ya paa la udongo katika nyumba nyingi, na hapana mwenye haki ya kumwambia mwenye nyumba akae chini ya tembe ili watu wengine wafurahie mambo ya kale. Lakini twatofautiana penye neno sanaa. Bati ni kazi ya fundi na ya serikali. Kazi ya filamu ni kuuliza kama mwenye bati na asiye na bati waweza wote wawili kusema kwetu wakiwa wametaja mahali pamoja, na kama hawawezi, ni nani aliyewazuia. Msanii hahitaji kuijua sarufi kwa jina, kama vile msemaji asivyohitaji. Lakini akiivunja, watazamaji wake husikia.

Twapendekeza basi kwamba kazi yoyote juu ya nyumbani ipimwe kwa maswali matatu. Je, imewaachia watu wake haki ya kusema kwetu kwa kinywa chao na kwa lugha yao, au imewasemea? Je, imeona deni na maumivu yaliyomo ndani, au imepamba tu? Na je, yule ambaye hana wa kwao, mkimbizi, mke aliyekimbia, mtoto wa mhamiaji, amepewa mlango, au kisa kimemalizika naye akiwa nje? Kwa vipimo hivi filamu ya dakika 45 ya wanawake wa Kunduchi yapita filamu nyingi zilizogharimu mara kumi yake.

Na liko pengo moja la mwisho. Singida imeonekana kidogo mno katika sinema yetu, na Kinyaturu kimesikika ndani yake kwa nadra zaidi. Wazee waliojenga tembe kwa mikono yao na kuzihama katika miaka ya 1970 wanazidi kupungua kila mwaka, na wajukuu wao wamechanganyika na wana wa watumishi waliotoka Bukoba, Kilimanjaro, Mbeya na Mwanza, wote wakisoma shule moja. Hapo pana kisa cha filamu ambacho hakihitaji jumba wala machozi ya bandia: mzee anayetaja upande wa kwetu kwa mkono, na mtoto wa mhamiaji anayetaka kujua kama upande huo waweza kuwa wake pia. Mwenye kamera atakayekwenda kuwasikiliza na aende mapema, wala asiingie kabla ya kupiga hodi.